Uzi maalumu: Raha na faida ya kusoma vitabu kwa kikundi, tunavyofanya sisi hapa Mbeya

Msomaji wa Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya muda humu hufunguliwa uzi wa mtu anayelalamika kwamba zamani alikuwa msomaji mzuri, siku hizi hamalizi hata sura mbili. Ushauri anaopewa ni uleule: weka simu mbali, jipangie kurasa kumi kila usiku, amka alfajiri. Siupingi. Ila mimi kilichonirudisha kwenye vitabu ni watu, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Hapa Mbeya tuna kikundi chetu cha kusoma. Hakina jina wala katiba. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kuanzia saa kumi jioni, kwa kuwa wengi wetu tunashinda Mwanjelwa na biashara haifungwi mapema. Yumo muuguzi, yumo mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari, yumo kijana wa bajaji anayeegesha Kabwe, wamo wanachuo wa MUST, kile chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, yumo mama anayeuza mchele wa Kyela. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Tunakaa kwa mwalimu, mtaa wa Soweto. Kipindi hiki cha Juni na Julai, baridi ya huku mnaijua, mke wa mwalimu anasogeza jiko la mkaa barazani, kuna chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, na hakuna anayeomba ruhusa ya kuondoka mapema.

Utaratibu ni mwepesi. Kitabu kimoja kwa mwezi. Aliyekichagua ndiye anayeongoza, na haruhusiwi kutusimulia hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anakuja na swali moja, basi.

Nitoe mfano mmoja ili nieleweke. Muuguzi alichagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ile ya mwaka 1971 ambayo kuna kipindi ilipigwa marufuku mashuleni. Wengi tuliijua kwa jina tu. Swali lake lilikuwa: Rosa alipoharibikiwa, nani alianza kumharibu? Kwa wasioijua, baba yake Rosa, Zakaria, ni mkali kupindukia. Anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, binti anakua akimwogopa kila mwanamume, halafu siku anapokuwa mbali na macho ya baba hakuna kinachomzuia tena.

Mwalimu akasema nia ya baba ilikuwa njema, njia ndiyo iliyomshinda. Kijana wa bajaji akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa heshima zote, hapo sikubali. Huyo mzee kwenye kitabu kizima aliwahi kumuuliza binti yake swali hata moja, akasubiri jibu?" Tukaanza kufungua kurasa kutafuta. Mngeona ile picha, watu wazima wameinamia vitabu, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anamwambia rudi nyuma kidogo, siyo hapo. Mama wa mchele ana nakala aliyoijalidi kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule, na pembeni ameweka alama kwa penseli. Alikuwa kimya muda wote. Alipoongea alisema hivi: "Nyie wote mnamshika Zakaria. Regina alikuwa wapi?"

Regina ni mama yake Rosa. Nilipokisoma peke yangu nyumbani, Regina kwangu alikuwa mtu wa pembeni tu, anapika, analia, hadithi inaendelea. Baada ya swali lile tulimzungumzia Regina mpaka giza likaingia. Mama anayeogopa mume anaweza kumlinda mtoto kwa njia gani? Je, ukimya wake ulikuwa woga, au ndiyo hekima pekee aliyoachiwa? Hatukukubaliana, na mpaka leo wapo wanaoendelea kubishana wakikutana sokoni.

Sasa fikirieni jambo moja. Barazani pale walikuwamo wazazi wenye mabinti wa sekondari, na walikuwamo mabinti wenyewe. Jambo kama hilo ukilileta kwenye kikao cha familia moto unawaka, kwa sababu kila mtu anaanza kujitetea. Ukilileta mtaani linageuka umbea wa nyumba ya fulani. Lakini pale aliyekuwa kizimbani ni Zakaria, kwa hiyo kila mmoja alisema la moyoni bila kumtaja jirani wala kujitaja mwenyewe, na kila mmoja alijua anachokisikia kinamgusa wapi. Baba mmoja wa kikundi alituambia mwezi uliofuata kwamba ameanza kukaa na binti yake mezani na kumuuliza habari za shule, bila kumkagua daftari. Hakueleza zaidi na hatukumdodosa.

Hiyo kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote, ndiyo nimeitangulizia. Nyingine zipo. Kitabu unakimaliza kwa sababu unajua kuna watu wanakusubiri. Unasoma ambacho usingekigusa kamwe: mimi na mashairi tulikuwa mbalimbali kabisa, mpaka mwalimu alipotusomea utenzi kwa sauti, akapumzika mahali pa kupumzika, nikasikia kumbe vina vinafanya kazi gani. Na Kiswahili chenyewe kinakua mdomoni. Kijana wa bajaji alikuja akiwa hapendi kuongea mbele ya watu, leo akianza kujenga hoja mwalimu anatulia kumsikiliza.

Karibuni mchangie. Mnaosoma kwa vikundi mikoa mingine, hasa huku nyanda za juu kusini, nataka kusikia mnafanyaje.

Mdau wa Kinyerezi

Mkuu uzi mzuri ila niwe mkweli. Kusoma ni kazi ya mtu mmoja na kitabu chake. Mkishakuwa wengi hiyo ni soga na viazi. Pia Watanzania hatuna utamaduni wa kusoma, hivi vikundi ni mambo ya kuiga wazungu, vitakufa baada ya miezi mitatu.

Msomaji wa Mwanjelwa

Mkuu wa Kinyerezi, asante kwa kupita. Kusoma kwenyewe kila mtu anafanya peke yake, hilo tuko pamoja. Usiku, kwenye foleni, au kwenye bajaji akisubiri abiria. Tunachofanya pamoja ni kukirudia kile tulichosoma, na mtu akisema jambo anaambiwa "tuonyeshe ukurasa". Soga haina ukurasa.

La kuiga wazungu silikubali hata kidogo. Nchi hii ilikuwa na vikundi vya kusoma na kujadili kabla wengi humu hatujazaliwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 vijijini walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu kidogo cha kampeni, wakakijadili, halafu wakaamua wafanye nini kijijini kwao. Ilikwenda wiki 12. Nchi maskini, barabara mbovu, umeme hakuna, na bado ikawezekana. Kama kuna mzee humu aliyeishuhudia, namwomba atusimulie.

Mzee wa Tukuyu

Vijana, ndaga kwa uzi huu. Mimi niliishuhudia nikiwa mtoto, kijijini kwetu Rungwe.

Kikundi cha baba yangu kilikutana jioni, watu wametoka kwenye migomba na chai, miguu ina tope. Redio ilikuwa moja. Kipindi kikianza hata sisi watoto tulinyamazishwa. Kikiisha, mmoja alichukua kitabu akasoma. Na huyo msomaji ndiye ninayetaka mumfahamu: alikuwa mtu mzima aliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, neno gumu anasimama, analipasua silabi moja moja mpaka linakubali. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemkatiza. Akimaliza aya, kiongozi wa kikundi anauliza: hili lipo kwetu? Walizungumzia malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Wakifika kwenye choo, mzee mmoja akawa mbishi sana, akasema babu zetu hawakuwa na vyoo na waliishi. Walibishana naye usiku ule. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliochimba mapema.

Kwa hiyo huyo mdau anayesema hatuna utamaduni huo, namwambia kwa upendo, tulikuwa nao, tuliuacha. Mimi macho sasa yamechoka, mjukuu wangu ananisomea. Tukimaliza sura namuuliza maswali, naye ananiuliza. Nasi tuhesabuni kuwa ni kikundi.

Mdau wa Kinyerezi

Mzee shikamoo. Hapo umenielimisha, Mtu ni Afya nilikuwa siijui kabisa. Naendelea kufuatilia uzi.

Dada wa Kihesa

Kamwene wadau. Nipo Iringa. Shikamoo Mzee wa Tukuyu, umenigusa.

Sisi ni kikundi cha wanawake watupu, wengi ni walimu na wauza duka. Tulianza na vitabu vya biashara na vya kujiendeleza, na niseme ukweli viliisha utamu haraka, maana ukishasoma kimoja umesoma vitano. Uhai ulikuja tulipohamia kwenye hadithi na tamthilia.

Tulipochukua Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mulokozi, hatukuisoma kimyakimya. Tuligawana wahusika tukaisoma kwa sauti sebuleni. Mwenzetu mmoja mpole, anauza vitenge Miyomboni, alipewa nafasi ya Mkwawa mwenyewe, mtemi wa Wahehe, na sauti iliyomtoka ilitushtua sote.

Tulipomaliza tukapanga safari ya Kalenga, siyo mbali, ni njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Lile fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 lipo pale makumbusho. Nilishawahi kwenda na wanafunzi, nikapita nikisoma vibao. Safari hii tulikuwa tumetoka kubishana wiki nzima kuhusu mtu huyu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na uzito. Mtu aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 mpaka kamanda wao Zelewski akafa, akawindwa miaka mingapi, na mwaka 1898 akajiua asikamatwe. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa kumaliza vita kuu, ndani yake kuna kifungu kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Ikachukua miaka 35 mingine.

Ubishi wetu ulikuwa kwenye kujiua. Mmoja wetu amekulia Kalenga, akatuletea masimulizi ya bibi yake ambayo hayafanani na ya kwenye kitabu. Kwa bibi yake, Mkwawa hakushindwa, alikataa. Mwingine akauliza: na watu aliowaacha nyuma, wao walikataa nini? Nilirudi nyumbani sijapata usingizi mapema. Nimefundisha historia darasani muda mrefu na sikuwahi kupata mjadala wa namna ile, kwa sababu darasani mwanafunzi anawaza mtihani utauliza nini.

Swali kwa mwanzisha uzi: wale ambao hawajamaliza kitabu mnawafanyaje? Kwetu hilo linaleta maneno.

Msomaji wa Mwanjelwa

Dada wa Kihesa, hilo la kugawana wahusika tunalichukua, tutalifanya mwezi ujao bila kuchelewa.

Asiyemaliza anakuja. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna faini wala kusimangwa, ila asiombe tufiche mwisho wa hadithi kwa ajili yake. Mtu akiaibishwa mara moja harudi, na ukimuuliza kilichomkwamisha mara nyingi ndipo mazungumzo mazuri yanapoanzia. Kuna kitabu wanachama watatu walikwama ukurasa mmoja, tukaenda kuusoma pamoja, tukakuta mwandishi alikuwa ametupeleka miaka ya nyuma bila kutuambia.

Fundi Simu

Wakuu mambo ya kununua vitabu yanawatesa bure. Kila kitu kipo mtandaoni, mtu mmoja atafute faili, arushe kwenye grupu la WhatsApp, wote mnasoma bure. Ninayo mengi, anayetaka aje inboksi.

Msomaji wa Mwanjelwa

Fundi, najua nia yako ni kusaidia, lakini kwenye kikundi chetu hilo hatufanyi na naomba lisifanyike kwenye uzi huu. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa mrabaha mdogo sana wa kila nakala inayouzwa. Tukikipenda kitabu chake kiasi cha kukesha tunakijadili, halafu tumnyime hiyo haki yake ndogo, tutakuwa tumemshukuru vipi? Na ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Gharama ni kweli ipo, kitabu kipya cha riwaya si bei ya soda. Sisi tunachanga shilingi 3,000 kila mwezi, zinanunuliwa nakala chache, zinazunguka. Wawili wanaokaa karibu wanashirikiana nakala moja. Wengine wanaazima Maktaba ya Mkoa. Watu wengi wa Mbeya wanadhani maktaba ni ya wanafunzi wa kujisomea mitihani tu. Nenda kajiandikishe uanachama, utaazima kihalali na utakuta vitabu ambavyo madukani havionekani tena. Vya zamani vingine tunavipata kwa wauza vitabu vilivyotumika, ukiwa na subira ya kuchambua lundo. Na tukimaliza mzunguko, nakala zinabaki sanduku la kikundi, mwanachama mpya anaanzia hapo.

Muuguzi wa Forest

Mimi ndiye niliyeleta Rosa Mistika, na bado namtetea Regina.

Niongezee upande wa afya kwa kuwa watu hupenda kuuliza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa utafiti wa watu 3,635 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliwafuatilia hadi miaka 12. Wasomaji wa vitabu walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 20 wakilinganishwa na wasiosoma, hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na hali ya afya ya mtu. Tahadhari: utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja ndilo linaloleta lingine. Na uliangalia usomaji, haukuangalia vikundi. Kwa hiyo asije mtu akaacha dawa za presha akasema anasoma riwaya.

Ninachoweza kusema kwa macho yangu ni hiki. Kazini napokea wastaafu wengi ambao ugonjwa wao una dawa, lakini upweke wao hauna. Ukimuuliza mzee jana umeongea na nani, anafikiri kwanza. Kwenye kikundi chetu mwalimu ana miaka sabini na kitu, na kila mwezi ana vijana wa kubishana nao, wa kumletea kitabu, wa kumuuliza maana ya msemo. Kijana wa bajaji humpitia hata katikati ya wiki. Siku mwalimu alipougua tulijua siku hiyohiyo.

Mpasua Mbao Mafinga

Wakuu nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mimi kazi yangu ni mbao, nipo Mafinga. Kambini tunalala mapema kwa baridi na hakuna cha kufanya jioni zaidi ya mpira kwenye simu, na wengine ulanzi. Napenda sana kusoma ila nikitaja kikundi cha vitabu wenzangu wananiona nimechanganyikiwa. Nianzie wapi? Na elimu yangu ni darasa la saba, je, inaruhusiwa?

Mzee wa Tukuyu

Mwanangu, aliyekuwa anatusomea sisi hakuwa hata na hilo darasa la saba. Anza.

Msomaji wa Mwanjelwa

Ndugu yangu wa Mafinga, kwanza hilo la elimu lifute. Mama wa mchele ni darasa la saba na ndiye anayetuuliza maswali tunayokosa majibu.

Usitangaze kikundi. Ukitangaza, watu wanaogopa. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, imetoka tangu mwaka 1951, ni kitabu chembamba na kimekatika vipande vya kusimulika. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi sita, kila mmoja akarudi na jambo la manufaa, kila mmoja akafungwa kwa shukrani. Jioni moja, mkiwa mnaota moto, msomee mwenzako mmoja habari za mjumbe wa kwanza, kwa sauti. Ishia hapo. Usimpe somo lolote. Muulize tu: wewe ungekuwa yule mjumbe, ungerudi? Kesho yake yeye ndiye atakayekuuliza wa pili ikawaje.

Lugha ya Shaaban Robert ina misamiati mizito kidogo. Msiruke neno, wala msisimame muda mrefu. Likiwashinda liandikeni, halafu uliza hapa kwenye uzi, mwalimu wetu anasoma kila kitu humu na anafurahi kuulizwa. Watu watatu wanatosha. Wakifika kumi na tano gawanyeni, maana wakizidi hapo wenye sauti ndogo wanapotea.

Dada wa Kihesa

Kaka wa Mafinga, nina nakala mbili za Kusadikika, moja ni yako. Mafinga si mbali na Iringa, nitaituma kwa basi. Njoo inboksi unipe jina la kituo.

Mpasua Mbao Mafinga

Dada asante sana, nimekuja inboksi. Mwanzisha uzi, mwezi ujao naleta mzigo wa mbao Mbeya, nitakuwapo mwishoni mwa wiki. Naruhusiwa kuhudhuria nione mnavyofanya?

Msomaji wa Mwanjelwa

Karibu sana, tena lala kabisa uondoke Jumapili. Mwezi ujao tunasoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, naye mwenyewe hajui kwamba yeye ndiye malipo. Anayeongoza ni mama wa mchele. Nakala moja ya ziada ipo dukani kwangu, ukiwahi Ijumaa utaipata usome hata sura mbili za mwanzo. Koti zito usisahau.